Nimeenda Zanzibar nikakuta bahari haipo: rivyuu ya mtu wa mlimani

Aisee wadau wa Moshi na Arusha, poleni na matope. Mi kazi yangu ni kupandisha wageni mlima Kilimanjaro, huu mwaka wa kumi na moja, na ukiacha lile swali la "bado saa ngapi tufike" hakuna kitu nimekisikia kwa wageni kama hiki: tukishuka tunaenda Zanzibar. Yani karibu wote. Mtu anafika geti la Mweka magoti yanamcheza, pua imebanduka ngozi, anapokea cheti, anawagawia wagumu, yani wabeba mizigo, tipu zao, af anakwambia kesho yuko KIA anaruka Zanzibar akalale mchangani. Wiki inayofuata anakutumia picha wasapu, maji ya bluu, bembea ya kamba imefungwa kwenye minazi, na wewe muda huo uko Machame kwenye mvua mizigo inapimwa kwenye mzani. Miaka yote hiyo nawajibu Zanzibar ni nzuri sana, nendeni Nungwi, nendeni Jambiani, kwa kujiamini kabisa, na mwenyewe sijawahi kukanyaga. Mke wangu ndo alinishika, siku moja nimemaliza kumshauri mgeni kwa simu nikiwa sebuleni, akaniuliza kwa upole tu, hiyo Jambiani uliendaga lini?

Basi mwezi wa tano mlima umelala, mvua, wageni hakuna, tukampeleka mtoto kwa bibi yake Kibosho tukaondoka, usiku sita. Naandika hapa kwa sababu machalii wa kijiweni pale karibu na Memorial kila mmoja anataka asimuliwe kuanzia mwanzo na nimechoka.

Usafiri kwanza. KIA kuna ndege na ni karibu lisaa limoja tu, ila mfuko ulikataa, tukachukua basi la usiku mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Posta ya Zamani, ukishuka hapo boti za Zanzibar ni hatua chache. Bebeni kitambulisho, na mzawa ana bei yake ya shilingi ambayo ni nafuu kuliko ya mgeni, msikubali mtu wa nje ya ofisi awakatie tiketi. Boti ni safi, kiyoyozi, tivii, karibu masaa mawili. Sasa sikilizeni. Uhuru, mita 5895, nimefika mara sijui ngapi, nimewashika wageni mgongo wakitapika kambi ya Barafu, wakitapika Stella karibu na kilele, mi sijawahi. Pale kwenye mkondo, mita sifuri toka usawa wa bahari, upepo wa kusi ndo umeanza, kijana wa boti kapita anagawa vimfuko vyeusi nikamwambia mi sihitaji bana. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nimeinamia kimfuko cha mke wangu. Yeye anakula karanga. Kuna bibi mmoja wa buibui alikuwa pembeni akatoa nusu ndimu kwenye mkoba, "nusa hii mwanangu, na uangalie mbali, usiangalie chini." Hayo hayo ndo naambiaga wageni kwenye miamba ya Barranco, angalia mbele usiangalie chini. Kaeni siti za nyuma, mbele ndo panaruka.

Ukitoka geti la bandari Malindi unapokelewa na mapapasi, wale vijana wa kunasa wageni. Huku Arusha pale Mnara wa Saa tunawaita maflaikacha, kule ni papasi, kama yule mdudu wa jamii ya kupe. Mi najua mbinu zote maana nimekulia kwenye hiyo kazi, nikamwambia mke wangu usimjibu mtu, tembea kama unajua unapoenda. Chalii mmoja akatufuata kimya kimya, anatusikiliza tunavyoongea, af akatusalimia tu kwa Kichaga: "Mangi, shimbonyi?" Mke wangu akacheka. Tukawa tumeshakwisha hapo hapo. Alitupeleka gesti ambayo haikuwa mbaya ila kesho yake tulivyoulizia bei kwa wapangaji wengine tukajua kamisheni yake tuliilipa sisi. Simlaumu kivile, ila nyie mkifika muwe mmeshapanga mnapolala, na mkitaka mtu wa kuwatembeza muulizie kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, kama sisi tunavyobeba vya kwetu mlimani. Asiye nacho atawazungusha milango mitatu na kuwaonyesha nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury, na kila mmoja ana nyumba yake.

Mji Mkongwe wenyewe napenda. Vichochoro vinapindapinda mpaka unapotea af unatokea baharini bila kutarajia. Beit el Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi 2020 na tulilikuta bado lipo kwa mafundi, mnaliangalia kwa nje tu. Ngome Kongwe ipo pembeni yake, mnaingia, mnapiga picha, basi.

Mkunazini ndo ilinikalisha. Ni kanisa la Anglikana limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 na askofu Steere akaanza kujenga mwaka huo huo. Siku ya pili tulipata mwongozaji mwenye kitambulisho, mtu mzima, na huyu nampa nyota zote tano mi kama mtu wa fani. Hakutangulia mbele anaongea na hewa. Alituuliza kwanza mnajua nini, akajazia pale tusipojua. Tulivyoshuka kwenye vile vyumba vya chini, ukisimama unainama, katikati kuna mfereji na pembeni mabenchi ya zege ambayo wanasema watu walibanwa juu yake, yeye alisema sentensi mbili tu akanyamaza. Mwongozaji anayejua pa kunyamaza ni wachache, mi mwenyewe kule kileleni ilinichukua miaka kuacha kupiga kelele mtu anapolia. Nje kwenye uwanja kuna shimo lenye sanamu tano za watu wamefungwa shingoni, minyororo yenyewe ni ya kweli ya enzi hizo, sanamu ziliwekwa 1998. Mke wangu akauliza, hawa walitolewa wapi? Mzee akasema wengi walitoka kusini, upande wa ziwa Nyasa huko, na wengine bara kokote misafara ilipofika. Akauliza nyie wa wapi. Nikamwambia Moshi. Akasema, "Basi na kwenu ilifika, kwa njia ya Pangani." Sikuwa na la kusema maana hata sisi wazee walisimulia, wamangi, yani machifu wetu, walikuwa wanafanya biashara na watu wa pwani, pembe za ndovu na watu pia. Ni kitu ambacho huwa siwaambii wageni nikiwapitisha Old Moshi, nasema tu habari za kahawa.

Ndani ya kanisa mtaonyeshwa nguzo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi waliziweka askofu akiwa hayupo. Na msalaba wa mbao ya ule mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Msipite haraka pale. Mkiwa na siku moja tu mjini acheni vyote, nendeni hapo.

Jioni Forodhani. Hapa maoni yangu yatakera watu. Pazuri kwa kutembea, vitoto vinaruka kutoka ukutani vinapiga mbizi maji yamejaa mpaka juu, vinajirusha sarakasi hewani, ningeangalia mpaka usiku. Ila chakula cha kwenye zile meza za taa ni cha kupigia picha. Kuna jamaa mmoja alinipangia sahanini mishikaki ya pweza, sijui papa, sijui kamba, anaongeza tu mwenyewe "onja na hii kaka", kuja kutaja bei ni pesa ya mbuzi nusu pale kwetu. Ulizeni bei kabla kitu hakijagusa sahani, kimoja kimoja. Pizza ya Zanzibar tulikula, mke wangu akaifungua akachungulia akasema hii ni chapati imeficha mayai, na hajakosea, ila ni tamu. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ndo ya uhakika. Urojo msiulie pale, uleni mchana kwenye vibanda vya mitaani wanapokula wenyewe. Bakuli elfu tatu, bajia, kachori, viazi, chips za muhogo zimevunjwavunjwa juu, ule uchachu wa embe unakupiga nyuma ya masikio. Nilirudia mara tatu. Na mi ni mtu wa mtori.

Changuu, ile wazungu wanaita kisiwa cha gereza, ni kama nusu saa kwa boti ya mbao. Gereza lilijengwa 1893 na halikuwahi kufunga mtu, likaja kuwa pa kuwatenga watu wa magonjwa ya kuambukiza. Kilichotupeleka ni makobe. Wakubwa kama meza, mbegu yake ililetwa kutoka Shelisheli 1919, umri umeandikwa kwa rangi mgongoni, kuna wenye miaka mia na kitu wanapiga hatua moja wanapumzika. Unapewa mchicha unamlisha, ukimkuna shingo anainyoosha yote. Mke wangu akasema huyu ndo anafaa kupanda Kilimanjaro, polepole yake ni ya kweli. Sasa pale kuna kitu kilitokea nikakidharau, kumbe kilikuwa salamu. Asubuhi tulivyoondoka nahodha alituvusha majini kwa miguu, maji ya magoti, mbali kweli na ukuta, nikauliza mbona boti haiji karibu, akasema maji yamekupwa. Jioni ya jana yake nimeona vitoto vinaruka ukutani pale pale maji ya kuzama mtu. Nikasema aa sawa, nikasahau.

Siku ya tatu, Jambiani. Hoteli jina naliacha, ipo ufukweni kweli, picha zake kwenye simu ni maji ya bluu yanagusa ngazi. Tulilipa kabisa chumba cha mbele, kile cha kuangalia bahari, cha bei. Tumefika na gari za 309 kama saa tano na nusu asubuhi, jua limetoka vizuri, kijana wa mapokezi anatuambia welkam welkam kwa Kiingereza, mke wangu akamjibu kwa Kichaga ndo akahamia Kiswahili. Akafungua pazia kwa madaha.

Bahari haipo.

Yani sio imerudi nyuma kidogo. Haipo. Kuna mchanga, af tope la kijivu, af madimbwi, af majani, af huko mwishoni kabisa kama kutoka Moshi mjini unavyouona mlima siku ya mawingu, kuna mstari mweupe wa mawimbi yanapiga mwamba. Boti zimelala ubavu juu ya mchanga kama zimekufa. Mtu anaendesha baiskeli katikati ya bahari, nimemwona kwa macho yangu, na kuku pembeni. Mke wangu akasimama dirishani muda, af akaniuliza, na hii tumeilipia?

Nikashuka mapokezi. Nikamwambia kijana mbona hamkuandika. Akasema kaka ndo bahari ilivyo, itarudi jioni. Nikamwambia picha zenu zina maji. Akasema zilipigwa jioni. Sasa hapo utamfanya nini mtu? Meneja akaja akaturushia maji ya madafu mawili ya bure, na hiyo ndo fidia. Kosa lao silisamehe, maana hao wanajua kabisa, mtu anayekuuzia chumba cha kuangalia bahari anajua bahari itakuwepo saa ngapi kama mi ninavyojua mgeni atafika kambi ya Horombo saa ngapi. Mi nikimpeleka mgeni mlimani bila kumwambia kule juu hewa ni ndogo si nafungiwa leseni.

Tukaamua kutembea kuelekea huko bahari ilikoenda. Vaeni viatu, chini kuna madude meusi ya miiba mirefu, ukikanyaga utalia. Na hapa ndo safari yangu ilibadilika, kwa sababu kule katikati kumbe hakuko tupu, kumejaa watu. Wakina mama wamefunga kanga kiunoni, wengine wanachokoa pweza kwenye matundu ya mwamba kwa mtarimbo, wengine wako kwenye mashamba ya mwani. Mashamba kabisa, vijiti vimechomekwa safu kwa safu, kamba zimefungwa toka kijiti mpaka kijiti, na kwenye kamba vimafungu vya mwani vimening'inizwa kwa vijikamba vidogo wanaviita taitai. Kama mistari ya maharage kwetu, ila yako ndani ya bahari. Kilimo hiki kimeanza huko Unguja mwishoni mwa miaka ya themanini, mwani unakaushwa unasafirishwa nje unaenda kutengenezewa vitu kama dawa ya meno na losheni. Na wanalima kwa saa za maji tu, yakirudi shamba linafungwa.

Tukamkuta bi mkubwa mmoja anafunga mbegu mpya. Mke wangu akaamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba wanangu, karibuni, mwatoka wapi. Tukamwambia, na shida yetu tukamwambia. Alicheka mpaka akakaa kwenye maji.

"Kwani walokukodisheni chumba hawakukwambieni kama hii bamvu?"

Bamvu ndo nini, nikauliza. Hapo nikapewa darasa ambalo miaka kumi na moja nilitakiwa kuwa nimeshalipata. Maji yanakupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, hilo nililisoma shule nikafaulu nikasahau. Ila yanavyokwenda ni kwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ndo umeandama, maji yana nguvu, yanajaa sana na yanakupwa sana, hayo ndo bamvu. Mwezi ukiwa nusu maji ni mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. "Mwezi mpevu," akasema huku mikono haijasimama, "maji yakupwa saa nne, saa kumi yashajaa. Kesho yake yasogea, kesho kutwa yasogea tena. Hayendi na bukingi yenu." Yanasogea kama dakika hamsini kila siku, nimekuja kulihakikisha kwenye simu. Na sisi tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nikahesabu kwa vidole, saa nne, saa tano kasoro, karibu saa sita. Kweli kabisa ndo muda tuliofungua pazia. Vile vitoto vya Forodhani saa kumi na moja kasoro, ukuta umejaa. Yule nahodha wa Changuu asubuhi. Vyote nilioneshwa.

Mke wangu ni mtu wa bustani akashindwa kukaa bure, akainama akaanza kufunga na yeye. Bibi akamwelekeza fundo, lisikaze sana likakata mwani, lisilegee ukaondoka na maji. Alilalamika kwamba ile aina nyingine inayoitwa kotonii, ndo yenye bei, siku hizi inakufa kwenye maji ya kina kidogo kwa sababu maji yamekuwa ya moto, wamebaki na hii ya bei ndogo. Nikamwambia na kwetu barafu ya mlimani inaisha, akasema barafu yenu siijui mwanangu ila joto hili nalijua. Kama saa saba hivi akanyoosha mgongo akasema haya tokeni, yanakuja. Mi sikuona kitu. Tulivyofika nusu ya njia maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na hayaji kwa wimbi, yanachomoza tu chini kimya kimya kama maji ya mfereji ukifunguliwa juu kwa jirani. Saa kumi na moja na nusu jioni yalikuwa yanagonga ngazi za hoteli, bluu, picha ile ile. Tukaoga mpaka giza.

Kwa hiyo ufukwe wa mashariki, yani Jambiani, Paje, Bwejuu, rivyuu yangu ni hii: kama unataka kuogelea saa yoyote usiende, utagombana na mapokezi. Kama unapenda kutembea na kuongea na watu, ndo penyewe, na hakuna fujo. Mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wa kusi unavuma, Paje wanajaa wale wa kuruka na matiara majini. Nunueni sabuni ya mwani, ya karafuu inanukia vizuri.

Jozani tulipitia wakati wa kurudi mjini, msitu upo barabarani kabisa na gari zinashusha hapo. Kima punju wanapatikana Zanzibar tu dunia nzima, wana mgongo mwekundu na nywele za kichwani zimesimama kama wameamka vibaya. Mtu wa Moshi aliyezoea mbega wa Rau au wa msitu wa Machame atawaona wadogo, ila hawa hawaogopi, wanashuka mpaka usawa wa macho, na mwongozaji akatwambia wanakula mkaa, wanauiba kwenye tanuri za watu, unawasaidia na sumu ya majani wanayokula. Hiyo sikuwahi kuisikia kwa mnyama yeyote. Msiwashike wala kuwapa kitu. Njia ya mbao kwenye mikoko ni fupi, sawa tu. Shamba la viungo pia tulienda, kwa mtu mwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, ni kama kulipa kiingilio kuonyeshwa ndizi, japo kuona karafuu ikiwa mtini ilinifurahisha. Pomboo wa Kizimkazi hatukwenda, kila aliyekwenda ananiambia boti nyingi zinamzingira mnyama mmoja na watu wanajirusha juu yake, mi kazi yangu ni wanyama na milima, siwezi kulipia hiyo. Ningeenda tu kwa ajili ya ule msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya 1107.

Nungwi ndo kaskazini, gari za 116. Haya, sikudanganya wageni. Maji ya Nungwi na Kendwa hayakimbii vile, hata yakikupwa unapiga hatua chache unaogelea, na jua unaliona linazama baharini, kitu ambacho mashariki hukipati. Ila pana watu, pana miziki, pana vijana wa ufukweni kila hatua kumi, "kaka boti, kaka miwani, kaka massaji". Na pana hili: nilikuwa natembea mwenyewe alfajiri, mlinzi wa hoteli moja akanisimamisha mchangani, wewe wa wapi, hapa wanapita wageni. Nikamwambia mi ni mgeni. Akaniangalia ndala zangu. Wazungu wawili wakapita katikati yetu hawakuulizwa hata jina. Sikupigana, nikazunguka kwenye maji, ila lilinikaa tumboni siku nzima, na nikajiuliza na sisi kule getini huwa tunamwangaliaje Mtanzania anayekuja na begi la shule kupanda mlima wake.

Kilichonisahaulisha ni mafundi wa madau. Wako pale pale ufukweni kati ya hoteli, chombo kizima kimesimama juu ya magogo, hakuna mchoro, fundi anakadiria kwa jicho na kamba. Kuna kijana kazi yake ni kalafati tu, anasokota pamba aliyoilowesha mafuta, anaipigilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, tok tok tok, inchi kwa inchi, chombo chote. Nikamuuliza utamaliza lini, akasema maji yakitaka. Nilikaa masaa mawili. Ni bure.

Vaeni vya heshima mkiwa mjini na vijijini, magoti na mabega. Bia zipo hotelini, kitimoto sahauni.

Sasa hii ya mwisho ni ya wenzangu wa kazi. Mnajua wageni wanavyopenda kufika kileleni mwezi mpevu, tunawauzia kabisa, utatembea usiku bila kuwasha taa, na wanalipa. Wakishuka wanapumzika usiku mmoja Moshi, wanaruka Zanzibar. Wanafika siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Yani miaka yote hii sisi ndo tumekuwa tunawapeleka Jambiani siku ambazo mchana kweupe bahari haipo, na wao kwa adabu zao wanatuma zile picha za jioni tu. Nimeshaanza kuwaambia, waanzie Nungwi, mashariki waende mwishoni, au wasogeze hesabu zao mpaka mwezi upungue. Mmoja aliniuliza mtu wa mlimani umeyajuaje ya maji, nikamwambia nimefundishwa na mkulima.

Sisi tunarudi mwezi wa kumi na moja, kabla wageni wa Krismasi hawajaanza kupanda. Jambiani tena, kwa bibi, mke wangu kashampelekea salamu kwa simu ya jirani yake. Tarehe kachagua yeye, kaiangalia kwenye kalenda ya ukutani ile yenye vimiezi vidogo pembeni. Mwezi ni nusu.